Tusivipe vita sifa za Svitolina

Tarehe 11 Julai 2023, kwenye mashindano ya tenisi ya Wimbledon jijini London, Elina Svitolina wa Ukraine alimtoa Iga Swiatek, Mpolandi aliyekuwa namba moja duniani, kwa seti 7-5, 6-7, 6-2. Svitolina siku hiyo alikuwa namba 76. Aliingia kwenye mashindano kwa nafasi ya mwaliko kutoka kwa waandaaji, na binti yake alikuwa hajatimiza hata miezi tisa. Alipoulizwa palepale uwanjani atasherehekea vipi, alisema huenda akaenda kunywa bia.

Baadaye mbele ya waandishi akaongeza maneno yaliyozunguka dunia nzima: kwamba vita vimemkomaza kiakili, kwamba hali ngumu uwanjani haioni tena kama maafa, kwa kuwa maishani yapo mabaya zaidi ya hayo. Watangazaji waliyadaka. Tangu siku ile, kila akishinda mechi kubwa tunasimuliwa habari ileile: mama shujaa, binti wa Odesa aliyepikwa na moto wa vita akatoka chuma.

Mimi habari hiyo siikubali. Simnyang'anyi mwenyewe haki ya kueleza yaliyomo moyoni mwake, maana anayajua kuliko sisi tunaomtazama kwenye televisheni. Ninachokataa ni mazoea ya sisi wachambuzi kulipokea jibu lililotolewa nusu saa baada ya mechi, tukaacha kuuliza maswali ya kawaida ya michezo. Mgongo wake ulikuwaje? Kocha nani? Anapigia mpira wapi sasa, na zamani alipigia wapi? Na swali ambalo nimeona linaulizwa mara chache mno: kabla ya kufanya vizuri, alipumzika kwa muda gani?

Turudi nyuma kidogo.

Svitolina alizaliwa 12 Septemba 1994 Odesa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi, katika nyumba ya wanamichezo. Baba alikuwa mpiga mieleka, mama mpiga makasia, na kaka yake ndiye aliyeanza kushika raketi. Alipofika umri wa miaka 12 familia ilihamia Kharkiv, mji mkubwa wa mashariki ulio jirani na mpaka wa Urusi, kwa sababu mfanyabiashara wa huko, Yuriy Sapronov, alikiona kipaji chake na kukubali kugharamia mafunzo. Tenisi ni mchezo wa pesa. Bila mfuko wa mtu kama huyo, mtoto wa mpiga mieleka wa Odesa asingelipa makocha na tiketi za ndege za kumfikisha Paris mwaka 2010, alikotwaa ubingwa wa vijana wa French Open akiwa na miaka 15. Aliyemfunga fainali alikuwa Mtunisia Ons Jabeur, ambaye mwaka uliofuata alirudi na kulichukua taji hilohilo.

Kupanda kwake baada ya hapo kulikuwa kwa ngazi, si kwa lifti. Taji la kwanza la wakubwa alilipata Baku mwaka 2013. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akamtoa Serena Williams, bingwa mtetezi, kwa seti mbili kavu. Mwaka 2017 ndio ulikuwa mwaka wake: mataji matano, yakiwemo Dubai, Roma na Toronto, na Septemba akafika namba tatu duniani, mahali ambapo hakuna mwanamke wa Ukraine aliyewahi kufika kabla yake kwa mchezaji mmoja mmoja. Mwaka 2018 akalitetea taji la Roma kwa kumchapa Simona Halep, kisha mwisho wa msimu akaenda Singapore kwenye fainali za WTA, chama kinachoendesha tenisi ya wanawake, zinazokusanya wachezaji wanane bora wa mwaka, akashinda mechi zote tano. Fainali alianza kwa kupoteza seti ya kwanza kwa Sloane Stephens, akarudi na kuchukua mbili zilizofuata, 6-2, 6-2.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Svitolina wa kabla ya vita alikuwa mwepesi wa moyo, mwonyeshe Singapore. Mwepesi wa moyo hawafungi Kvitova, Pliskova, Wozniacki, Bertens na Stephens katika juma moja.

Lakini kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya mwaka (Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open), kulikuwa na tatizo, na hilo halifichiki. Mechi inayolionyesha kuliko zote ni robo fainali ya French Open ya mwaka 2017, dhidi ya Halep huyohuyo. Svitolina alichukua seti ya kwanza 6-3. Seti ya pili akaongoza 5-1. Alibakiza gemu moja tu kuingia nusu fainali yake ya kwanza. Halep akaanza kurudisha kila kitu, Svitolina akaanza kusogea nyuma, hatua moja, kisha mbili, akisubiri mwenzake akosee. Halep hakukosea. Seti ikaenda kwenye taibreki, ile gemu ya kuamua seti ikifika 6-6, Svitolina akapata pointi ya kumaliza mechi, ikampita, akapoteza taibreki 8-6, na seti ya tatu akafungwa 6-0. Aliyetazama seti ile ya tatu alimwona mchezaji ambaye tayari alikuwa ameshaondoka uwanjani.

Ule ulikuwa udhaifu wa kiufundi kabla ya kuwa wa moyo. Mchezo wake ulijengwa juu ya miguu: kukimbia, kurudisha, kumchosha mwenzake. Mpira wake wa pili wa kuanzisha, ule unaopigwa wa kwanza ukikosewa, ulikuwa laini, unaoalika kupigwa. Katika mashindano ya kawaida hilo linalipa, kwa sababu wapinzani wengi hukata tamaa au hukosea. Kwenye wiki mbili za Grand Slam unakutana na watu wasiokosea kwa mechi mbili au tatu mfululizo, na miguu peke yake haitoshi. Mwaka 2019 alifika nusu fainali Wimbledon na US Open. Ya kwanza Halep alimfunga 6-1, 6-3, ya pili Serena akamfunga 6-3, 6-1. Mwaka 2020 pale Paris, Nadia Podoroska wa Argentina, aliyeanzia kwenye mechi za kufuzu, alimpiga mipira ya pembeni mpaka akamtoa robo fainali kwa seti mbili.

Halafu mwili ukaanza kudai. Mwaka 2021 bado ulikuwa na furaha zake. Julai alifunga ndoa Geneva na Gaël Monfils, Mfaransa mwenye asili ya visiwa vya Karibi, mchezaji anayependwa kwa mbwembwe zake kuliko kwa makombe yake. Wiki mbili baadaye alikuwa Tokyo akipigania shaba dhidi ya Elena Rybakina. Alipoteza seti ya kwanza 6-1, akashinda zilizofuata 7-6, 6-4, na kuipa Ukraine medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika tenisi. Agosti akatwaa taji Chicago. Kuanzia hapo gari likazima. Januari 2022, raundi ya tatu ya Australian Open, Mbelarusi Victoria Azarenka alimchapa 6-0, 6-2. Uvamizi mkubwa wa Urusi ulikuwa bado zaidi ya mwezi mmoja mbele. Tangazo lake la kusimama, mwishoni mwa Machi, lilitaja vitu viwili: moyo uliovunjika kwa yanayotokea nyumbani, na mgongo uliokuwa ukimsumbua kwa muda mrefu. Wengi tulisoma cha kwanza tukaruka cha pili.

Na vita vyenyewe, tukumbushane, havikuanza Februari 2022. Urusi iliichukua Crimea mwaka 2014, na mapigano ya mashariki yakaanza mwaka huohuo, si mbali na Kharkiv alikokulia kimichezo. Kama kuishi na vita vya nchi yako kunatosha kumtengeneza mchezaji wa mechi kubwa, basi mwaka 2017 pale Paris alikuwa ameshakaa navyo miaka mitatu.

Kati ya uvamizi na mapumziko kuna tukio moja linalostahili kusimuliwa, kwa kuwa linaonyesha ni mtu wa namna gani. Lilikuwa Monterrey, Mexico. Svitolina alikuwa amepangiwa raundi ya kwanza na Mrusi Anastasia Potapova. Akatangaza hachezi hadi vyombo vinavyoendesha tenisi viwaondolee Warusi na Wabelarusi bendera na nembo za nchi zao. Tarehe 1 Machi vyombo hivyo vikatoa uamuzi huo, naye akaingia uwanjani siku hiyohiyo amevaa njano na buluu, akashinda 6-2, 6-1 na kusema pesa zake za mashindano hayo zinakwenda kwa jeshi la Ukraine. Ushujaa? Ndiyo. Lakini raundi chache mbele, robo fainali, akafungwa na Camila Osorio wa Colombia, na Miami akatolewa na Heather Watson. Mtu ambaye kila kukicha anapiga simu nyumbani kujua nani yuko hai hapati nguvu mpya za kupiga mpira. Anapata usingizi mbovu.

Wenzake walikuwa hivyohivyo. Dayana Yastremska alitoka Odesa na mdogo wake, wazazi wakabaki. Wiki moja baadaye alifika fainali ya Lyon, na dunia ikapiga makofi, lakini matokeo yake ya miezi iliyofuata yaliporomoka. Lesia Tsurenko alijitoa Indian Wells mwaka 2023 saa chache kabla ya kucheza na Aryna Sabalenka, akieleza kwamba alipatwa na mshtuko wa hofu kufuatia mazungumzo na mkuu wa WTA kuhusu vita. Sergiy Stakhovsky, yule aliyemtoa Roger Federer Wimbledon mwaka 2013, alikuwa amestaafu wiki chache tu. Akaiacha familia Hungary akaenda Kyiv kushika bunduki. Ukiwapanga wachezaji wote wa Ukraine mstari mmoja na kuuliza vita viliwafanya nini, jibu la wengi wao halifanani kabisa na hadithi ya chuma kilichotoka motoni. Svitolina ndiye aliyepanda, na kwa hiyo ndiye tunayemnukuu.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho yeye alikipata wenzake wengi hawakukipata. Kati ya mechi na Watson, Machi 2022, na mechi yake ya kurejea kule Charleston, Aprili 2023, kulipita zaidi ya mwaka mzima. Hakucheza. Alibeba mimba, akajifungua Oktoba 15, akaanza kujijenga upya kutoka sifuri. Mgongo uliokuwa umebebeshwa mashindano ya dunia tangu akiwa kijana ulipata pumziko refu ambalo haujawahi kulipata. Alipoanza mazoezi alikuwa na kocha mpya, Mholanzi Raemon Sluiter, aliyewahi kumnoa Kiki Bertens. Na hakuwa na pointi za kutetea. Hili la mwisho watu wa nje ya tenisi hawaligundui upesi: orodha ya ubora huhesabu matokeo ya miezi 12, kwa hiyo mchezaji wa juu hutembea na deni la mwaka jana kila wiki. Svitolina alirudi bila deni hata senti.

Wiki za mwanzo alichapwa, kama ilivyotarajiwa. Mei akaingia Strasbourg akiwa namba 508 na kuondoka na kombe. Na pale ndipo macho yaliyozoea mchezo wake yalipoona tofauti. Alikuwa amesogea mbele. Mpira aliokuwa akiupokea mita mbili nyuma ya mstari sasa aliupokea juu ya mstari, ukiwa bado unapanda, akiurudisha chini na kwa kasi. Pigo la mkono wa kulia, ambalo zamani lilikuwa la kurudisha tu, likawa la kuuliza maswali. Miguu ilikuwa ileile, ila safari hii aliitumia kufika mapema, si kufika mwisho. Swiatek kule Wimbledon alipigiwa mchezo huo kwa saa nzima na zaidi: aliongoza 5-3 seti ya kwanza, Svitolina akaendelea kuupiga mpira mapema bila kurudi nyuma, akachukua gemu nne mfululizo. Mkumbuke Halep na ile 5-1, halafu mlinganishe mahali miguu ilipokuwa imesimama.

Hakwenda mbali zaidi ya nusu fainali. Marketa Vondrousova wa Jamhuri ya Cheki alimfunga 6-3, 6-3 kwa mipira ya kukata na kubadilisha kasi, kisha akamfunga Jabeur fainali na kuondoka na ubingwa. Wale wasichana wawili wa fainali ya vijana ya 2010 wakatolewa na mtu mmoja ndani ya siku tatu.

Siwezi kumwandika Svitolina bila kugusa suala la mkono. Tarehe 6 Juni 2023, siku lilipobomolewa bwawa la Kakhovka na maji kufunika vijiji vya kusini mwa Ukraine, alicheza robo fainali ya French Open dhidi ya Sabalenka, Mbelarusi. Alifungwa 6-4, 6-4. Mechi ilipoisha, Sabalenka alikwenda kwenye neti akasimama anasubiri. Svitolina akampa mkono mwamuzi, akageuka, akaenda kukusanya mizigo yake. Uwanja ukamzomea. Mwezi mmoja baadaye, Wimbledon, alimtoa Azarenka kwa taibreki ya seti ya tatu, 11-9. Azarenka, akijua hakuna mkono, akampungia kwa heshima na kuondoka, na safari hii akazomewa yeye. Mashabiki wa Paris walimzomea aliyekataa, wa London wakamzomea aliyekataliwa, na pande zote mbili hawakuwa wameelezwa kitu.

Najua msomaji wa kwetu anasita hapa. Tumelelewa kwamba salamu hainyimwi mtu, na aliyekunyima mkono mbele za watu amekuvunjia heshima. Ila kupeana mkono kwenye neti si salamu ya mtaani. Ni kutamka mbele ya kamera kwamba yaliyopita yamepita, ulikuwa mchezo tu. Picha hiyo ndiyo Svitolina aliyokataa kuitoa wakati mabomu yanashuka kwao, baadhi ya majeshi yaliyoyaleta yakiwa yamepitia ardhi ya Belarus. Hakumtukana Sabalenka. Sabalenka naye jioni ileile alisema haungi mkono vita, na kwamba kwa sasa hamuungi mkono Lukashenko, rais wa Belarus, kauli isiyo rahisi kwa mtu mwenye ndugu Minsk. Naona wote wawili walikuwa katika nafasi ngumu, na lawama naipeleka kwa waandaaji waliokaa kimya. Svitolina aliwaomba baada ya mechi ya Azarenka watoe tangazo fupi tu kwamba kati ya Waukraine na wachezaji wa Urusi na Belarus hakuna kupeana mikono. Wimbledon hawakulitoa.

Halafu kuna 8 Julai 2024, siku ambayo wapenzi wa ile hadithi huitaja kama ushahidi. Asubuhi makombora ya Urusi yalipiga miji ya Ukraine, na hospitali ya watoto ya Okhmatdyt mjini Kyiv ikaharibiwa. Svitolina aliingia uwanjani Wimbledon na utepe mweusi kifuani juu ya nguo nyeupe, akamfunga Wang Xinyu wa Uchina 6-2, 6-1 haraka haraka, kisha akashindwa kuzuia machozi kwenye mahojiano. "Mnaona?" wakasema. Siku mbili baadaye alicheza robo fainali na Rybakina. Akafungwa 6-3, 6-2. Kama huzuni ndiyo mafuta yake, ilikuwaje yakaisha ndani ya saa 48? Mimi naona mtu aliyejikaza siku moja, akalipa ya pili. Mwanzoni mwa mwaka huo mgongo ulikuwa umemtoa Melbourne, kwenye Australian Open, baada ya gemu tatu tu za raundi ya nne, na mwishoni mwa mwaka alifanyiwa upasuaji wa mguu. Mwaka mzima wa kucheza huku habari za nyumbani zikiingia kwenye simu haukumwongezea kitu.

Upasuaji ukampa tena muda wa kukaa. Na baada ya kukaa, 2025 ikaanza vizuri: robo fainali Melbourne, taji la Rouen mwezi Aprili, kisha Paris mechi ya kushangaza na Jasmine Paolini, mshindi wa pili wa mwaka uliotangulia. Paolini alichukua seti ya kwanza na akapata pointi tatu za kumaliza mechi katika ya pili. Svitolina aliziokoa zote, akashinda taibreki 8-6, na seti ya tatu 6-1. Matokeo yanakaribia kuwa yaleyale ya Halep wa 2017, ila yamegeuzwa. Kwenye pointi zile za hatari hakusogea nyuma.

Lakini msimu wa tenisi hauna huruma. Tangu 2024 kanuni za WTA zinawataka wachezaji wa juu wacheze Grand Slam nne, mashindano kumi ya daraja la 1000 (namba hiyo ni pointi za bingwa) na mengine sita ya daraja la 500, na mengi ya yale kumi yameongezwa yakawa ya karibu wiki mbili. Kufika Agosti alikuwa amechoka waziwazi. Montreal akafungwa na Naomi Osaka 6-2, 6-2, na usiku ule akaweka hadharani ujumbe aliotumiwa na watu waliopoteza pesa: matusi, vitisho, mwingine akiitamani Urusi iwaue watu wake. Akawajibu kwamba yeye ni mama kabla ya kuwa mchezaji. Nalitaja hili kwa sababu mechi za wanawake za saa nane za usiku zimo pia kwenye mikeka inayobetiwa Dar es Salaam na Nairobi, na wapo kati yetu wanaojua odi za Svitolina bila kujua anatumia mkono gani. Mkeka ukichanika, simu iko mkononi, akaunti ya mchezaji iko wazi.

US Open akatolewa raundi ya kwanza na Anna Bondár wa Hungary. Septemba aliisaidia Ukraine kufika nusu fainali ya Kombe la Billie Jean King, mashindano ya timu za taifa za wanawake, kwa mara ya kwanza, akapoteza kwa Paolini mechi aliyokuwa ameianza kwa kushinda seti. Kisha akatangaza msimu wake umeisha. Alisema hajisikii kuwa yeye, kwamba kihisia hayuko mahali pa kushindana, na kwamba anahitaji muda wa kupona. Miaka miwili tu baada ya ile kauli ya Wimbledon. Wachache waliyaweka maneno haya mawili pembeni ya mwenzake.

Alikaa zaidi ya miezi mitatu. Januari 2026 akaingia Auckland, akabeba kombe. Akavuka kwenda Melbourne na kufika nusu fainali ya Australian Open kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa na miaka 31. Njiani alimchapa Coco Gauff 6-1, 6-2 kwa muda usiofika saa moja, mpaka Gauff akaenda kuivunja raketi yake kwenye korido. Matokeo hayo yalimrudisha kwenye kumi bora.

Sasa hesabu ni nyepesi. Mara tatu amesimama kwa muda wa maana, na mara tatu amerudi akiwa bora kuliko alivyoondoka. Vita havijasimama hata siku moja katika kipindi hicho chote, kwa hiyo haviwezi kuwa ndivyo vinavyoeleza kwa nini Aprili aruke na Septemba aanguke. Kinachobadilika ni mwili na kichwa vilivyopata nafasi ya kulala. Ndoa inaweza kuwa imesaidia, na Monfils ametangaza 2026 ni mwaka wake wa mwisho, kwa hiyo pengine nyumbani patatulia zaidi. Kuhusu uzazi, WTA mwaka 2025 walianzisha likizo ya malipo hadi miezi 12 kwa wachezaji wanaojifungua, jambo jema ambalo yeye alilikosa. Lakini mchezaji asiye mjamzito wala asiye kwenye kitanda cha upasuaji, ambaye anataka tu miezi mitatu ya kuwa mtu, ratiba haina sanduku la kumtilia. Anachagua kati ya pointi na akili yake. Svitolina amechagua, na ana pesa na jina la kumwezesha. Msichana wa Ukraine aliye namba 140 hana.

Ile nusu fainali ya Melbourne alikutana na Sabalenka. Safari hii uwanjani walitangaziwa mapema kwamba baada ya mechi hakutakuwa na kupeana mikono na waheshimiwe wachezaji wote wawili, kitu kilekile alichokiomba London mwaka 2023. Hakuna makelele ya maana yaliyosikika. Sabalenka alishinda 6-2, 6-3. Alishinda kwa sababu ndiye mpigaji mzito kuliko wote kwenye tenisi ya wanawake leo, na kwa sababu mpira wa pili wa kuanzisha wa Svitolina, baada ya makocha wote hao na miaka yote hiyo, bado unaalika kupigwa. Hapo ndipo timu yake ina kazi ya kufanya.